Chukudu Iliyotoka kwa Mlango wa Mbele

Veridiana Nshimirimana alipima mlango wa nyuma wa jumba la Chama cha Historia cha Alder Creek, akakunja futi yake ya utepe, kisha akaikunjua na kupima tena. Jibu alilolipata lilimpendeza, na katika kazi yake jibu linalopendeza ndilo la kwanza kutiliwa shaka.

"Nieleze upya," alisema bila kugeuka. "Siku mlipoleta chukudu, kile kigari cha baba yako, hapa, mliingia nayo kwa mlango upi?"

"Ya mbele, dada. Nilishaambia polisi vile." Sandrine Ruhimbika alikuwa amesimama kwenye nyasi, mikono kwapani kwa baridi. "Tulijaribu hapa, usukani ikakataa. Bwana Deitz njo alikuya kutufungulia ile milango mbili ya mbele."

"Na usukani haufunguki?"

"Baba hakuweka hata msumari moya kwa usukani. Ni mti ndani ya mti. Ukitaka kuutosha, kuutoa pale, ukate na msumeno."

"Polisi walikuja kupima mlango huu?"

Sandrine alicheka kicheko kisicho na furaha. "Walipima miye."

Veridiana aliandika vipimo viwili, cha mlango na cha usukani kama ulivyoonekana kwenye picha za familia. Usukani uliuzidi mlango kwa kiganja kizima. Ufunguo wa Sandrine, ambao ndio uliomfanya aitwe mwizi, ulikuwa wa mlango huo wa nyuma tu.

Alikuwa ametoka Louisville alfajiri. Huko aliishi na huko alifanya kazi ya upelelezi binafsi, hasa kwa mawakili wa watu walioumia viwandani. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambi ya Mtabila, Tanzania, na kwaya ya kanisa lake ilijuana na kwaya ya Sandrine ya Whitehall, hapa pembeni mwa Columbus, Ohio. Simu ilipita kwa waimbaji kabla ya kumfikia yeye.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Chama cha Historia, cha wazee wa kitongoji kilichopakana na mji wa Gahanna, kiliamua kufanya maonyesho kikayaita Majirani Wetu. Sandrine, ambaye kila Jumamosi alijitolea kupangusa vumbi na kupanga viti vya mikutano, aliombwa kitu cha kwao. Akaazima chukudu ya marehemu baba yake. Mzee Ruhimbika alikuwa amewahi kubeba makaa na viazi juu ya chukudu, kigari kile kirefu cha mbao chenye magurudumu mawili, kwenye barabara za Goma, na huku Whitehall mwaloni ulipoanguka kwa dhoruba nyuma ya nyumba zao aliomba gogo, akachonga nyingine. Aliimaliza, akaugua, akafa. Kisha Jumatatu moja Bwana Harlan Deitz, mwenyekiti wa chama, alipiga simu polisi na kusema chukudu imeibwa, hakuna kufuli lililovunjwa, na kuna mtu mmoja wa familia ile aliyepewa ufunguo.

Jarida la chama lilitoka na maneno hayo hayo. Kampuni iliyomwajiri Sandrine kuwaogesha na kuwalisha wazee majumbani ikamsimamisha kazi. Mtu anayetuhumiwa kwa wizi haingii nyumba ya mgonjwa.

"Twende ndani," Veridiana alisema. "Wewe usiseme neno."

Bwana Deitz aliwapokea ukumbini. Alikuwa mrefu, msafi, mpole wa sauti, na alimpa Veridiana mkono lakini Sandrine akamwashiria kwa kichwa tu.

"Naomba ieleweke," alianza, "kwamba chama hakikusema ameiba. Kilisema alikuwa na ufunguo."

"Ufunguo wa mlango wa mbele anao nani?"

"Mimi peke yangu. Ni masharti ya bima."

"Mara ya mwisho uliufungua lini?"

"Siku ile ya kuingiza kile… kigari."

"Na kigari chenyewe ulikiona mara ya mwisho lini?"

"Jumapili jioni, nilipopita kuzima taa. Kilikuwa pale." Alielekeza kidole kwenye jukwaa dogo karibu na dirisha. "Kwa macho yangu. Jumatatu asubuhi hakipo. Na ukitaka kujua zaidi, muulize jirani wa ng'ambo ya barabara. Usiku ule ule wa Jumapili aliona gari jeupe la mizigo nyuma ya jumba. Waafrika wawili, na kitu kirefu kimefunikwa blanketi. Polisi wanalo hilo."

Sandrine aliinamisha uso. Veridiana aliliona hilo, akaliacha kwa muda.

Jukwaani sasa palikuwa na kitanda cha mtoto cha kubembea, cha mbao nyeusi ya zamani, na taa yake peke yake.

"Kizuri," Veridiana alisema.

Sauti ya mwenyekiti ikapata joto. "Hicho kililaza watoto wa Kapteni Alder mwenyewe, mwanzilishi wa mji huu. Kilipotea zaidi ya karne moja. Tumekirudisha nyumbani."

"Kimefika lini?"

"Jumatano, baada ya ule wizi. Hatukutaka jukwaa likae wazi."

"Kutoka kwa nani?"

"Mfadhili asiyependa kutajwa."

Veridiana alichuchumaa kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Chini kwenye mguu wa kitanda palikuwa na namba ndogo iliyopakwa rangi nyekundu, ikitanguliwa na herufi R na H. Aligeuza macho kwenye gurudumu la kusokotea nyuzi lililokuwa kando. Namba yake ilikuwa nyeusi, na herufi zake A na C.

"Vitu vyenu vyote mnaviandika kwa rangi nyeusi, Bwana Deitz?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Napenda kujua watu wanavyofanya kazi."

Mwenyekiti alisogea akasimama mbele ya kitanda. Mazungumzo yakawa yamekwisha.

Garini, Veridiana hakuwasha injini.

"Gari jeupe ni la nani?"

Sandrine alivuta mkanda wa kiti, akaufunga.

"Sandrine. Nimeendesha kutoka Louisville kwa ajili yako. Ukinificha kitu, huyo mzee atakuwa na sababu ya kukuita mwongo, na mimi nitakuwa sina la kumjibu."

"Ya Bonheur," Sandrine alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto wa tantine yangu, shangazi. Chama kilituazima meza za harusi. Jumapili nilikuwa kazini, donc nikamupatia ufunguo arudishe. Sikusema kwa polisi. Niliogopa watamukamata bure."

"Umemlinda kwa kujichimbia shimo."

"Minajua, dada. Minajua."

Walimkuta Bonheur kwenye maegesho ya ghala moja karibu na uwanja wa ndege, akila wali kwenye bakuli la plastiki, bado na fulana ya kazi inayong'aa. Alipoambiwa sababu ya ujio wao aliweka bakuli juu ya boneti kwa nguvu.

"Mwizi? Miye? Nilirudisha meza! Kumi zote, hata moya haikuvunjika!"

"Kwa nini mlizifunika blanketi?"

"Mvua ilikuwa inanyesha. Meza ya batu, utairudisha imelowa?"

"Nani alikuwa na wewe?"

"Cikuru. Anafanyaka kazi na miye hapa. Umuite umuulize."

"Meza zilipita mlango wa nyuma?"

"Vizuri kabisa. Zinakunjika."

Veridiana alimtazama usoni. "Sasa nisikilize vizuri, kaka yangu. Mlipoingiza meza, chukudu ya mjomba wako ilikuwa wapi?"

Bonheur alishusha macho kwenye bakuli lake. Hasira ilimtoka, ikabaki haya.

"Haikukuwa," alisema. "Niliangalia, sababu kila mara ninapoingia pale ninamusalimiaka mjomba. Haikukuwa. Nikawaza, bon, labda wameipeleka kuisafisha. Pahali yake kulikuwa kitanda ya mtoto."

Veridiana aliacha kuandika. "Rudia hilo."

"Kitanda ya mtoto. Ile ya kubembea. Bado iko nusu ndani ya blanketi nene, ile ya kuhamisha vyombo. Kwa blanketi waliandika Riverside."

"Jumapili?"

"Jumapili. Giza ilikuwa imeisha kuingia."

"Na polisi hukuwaambia?"

"Hawakukuya kwangu. Hakuna mutu aliniuliza kitanda."

Sandrine aliwasogelea. "Deitz alisema kitanda kilikuya Jumatano."

"Alisema pia kwamba Jumapili jioni aliiona chukudu jukwaani kwa macho yake," Veridiana alisema. "Vitu viwili havikai jukwaa moja. Kitanda kilikuwa kimeshachukua nafasi ya baba yako kabla mzee yule hajapiga simu polisi. Wizi aliutangaza kwenye jukwaa ambalo halikukaa wazi hata siku moja."

"Lakini atabebesha miye wizi ya kitu aliitosha yeye mwenyewe? Miye nilikuwa ninamupangushia vumbi kwa picha za bababu yake!"

Veridiana alikuwa ameshatoa simu. Riverside ni jina la mahali pengi nchini Marekani, lakini penye chama cha historia ni pachache, na kati ya vyama hivyo kimoja kilikuwa jimbo jingine, Buffalo, katika mtaa wa Riverside kando ya mto Niagara. Mwanamke aliyepokea alikuwa mchangamfu. Kitanda cha Kapteni Alder? Naam, kilikuwa chao tangu zamani, na namba nyekundu ya R na H ni yao, mali ya kitukuu aliyehamia huko. Bwana Deitz alikililia kwa miaka. Mwishowe walikubaliana kubadilishana.

"Mlibadilishana na nini?" Veridiana aliuliza.

"Na kitu cha ajabu," mwanamke alisema kwa fahari. "Njoo ukione."

Kesho yake alfajiri Veridiana alitaka kwenda Buffalo peke yake. Mama Nyirabagenzi, mjane wa mzee Ruhimbika, alikuwa tayari ameketi kiti cha mbele na mkoba mapajani, na Sandrine kiti cha nyuma.

"Shikamoo, mama," Veridiana alisema. "Safari ni ndefu. Na pengine utaona kitu kitakachokuumiza."

"Karibu, mwanangu," mama alijibu, kwa maana kwao hawaitikii salamu hiyo. "Washa motokari."

Jumba la Riverside lilikuwa kituo cha zimamoto cha zamani katikati ya nyumba ndogo za mbao. Mtunzaji, Bi Wanda Kruszka, mzee wa rika la mama, ndiye aliyekuwa amepokea simu; aliwakaribisha na kuwaongoza moja kwa moja hadi katikati ya ukumbi.

Chukudu ilikuwa imeinuliwa juu ya vibao, magurudumu hewani, nayo imepakwa vanishi nyeusi. Mpira wa tairi uliokuwa umezungushwa kwenye magurudumu ulikuwa umeng'olewa. Kipande cha kandambili ambacho mzee alikigongomea juu ya ubao, pa kuwekea goti, hakikuwepo. Mbele yake palikuwa na kibao kizuri cha shaba, nacho kilisema: Kigari cha mizigo cha watu wa mfereji wa mashua, takriban mwaka 1840. Mtengenezaji hajulikani.

Sandrine alimtafsiria mama yake. Maneno mawili ya mwisho aliyarudia.

Mama alisogea akaishika chukudu kwenye usukani, akanusa kiganja chake, akakipangusa kwenye kitenge.

"Kuna tatizo?" Bi Kruszka aliuliza.

"Bi Kruszka, naomba ruhusa ya kukuonyesha mambo matatu," Veridiana alisema. "Sitagusa kitu bila wewe. Kwanza, tazama ukingo wa gurudumu. Unaona vitundu hivi?"

Mtunzaji alivaa miwani. "Vya misumari."

"Vinazunguka gurudumu lote. Kulikuwa na kitu kimeshikizwa hapa. Mpira. Mtu ameuvua. Pili, tazama juu ya ubao. Chini ya vanishi kuna pembe nne, na katikati mti ni mwororo kuliko kwingine. Hapo palikuwa na kitu laini cha kukinga goti. Watu wa mfereji walipiga goti?"

"Tuliambiwa walisimama."

"Hiki huendeshwa kwa goti moja juu, mguu mwingine ukisukuma. Tatu, lizungushe gurudumu, wewe mwenyewe."

Bi Kruszka alilisukuma kwa kidole. Gurudumu likazunguka bila sauti, likaendelea kuzunguka, likakataa kusimama. Alichukua tochi, akamulika kitovu chake. Beringi ya chuma ikameta ndani ya mwaloni, mpya, na herufi za kiwandani ubavuni.

Tochi ilishuka.

"Nimewasomesha watoto wa shule kuhusu kitu hiki," mzee alisema taratibu. "Nimewaambia babu zao walikisukuma."

"Aliyekichonga alizikwa Columbus mwaka jana," Veridiana alisema. "Huyu ni mjane wake. Na huyu ni binti yake, ambaye Bwana Deitz amemshitaki polisi kwamba amekiiba."

Uso wa Bi Kruszka ukawa mwekundu hadi shingoni. Hakuuliza swali jingine. Alikwenda mezani, akabonyeza namba, akaweka simu ipaaze sauti.

"Harlan? Wanda hapa. Kile kigari ulichotuletea, ulisema ulikipata wapi?"

"Kwenye ghala la familia moja ya zamani, nilikwambia." Sauti ilikuwa ile ile, laini na safi. "Kuna nini?"

"Kina beringi, Harlan. Na kuna watu wake hapa."

Sauti ya Deitz ikaongeza kasi.

"Wanda, tusikilizane. Kile ni kitu cha gereji. Mtu alikichonga juzi kwa mti ulioanguka. Hakina historia yoyote. Kitanda kile kina karne mbili! Nilijua kwenu kitatunzwa vizuri kuliko—"

"Ulitudanganya. Ukamshitaki binti wa watu."

"Ilikuwa kutoelewana. Bima ilihitaji maelezo. Nitaongea na polisi kesho, nifute ile taarifa kimyakimya, na yule msichana ataendelea na shughuli zake. Hakuna haja ya kelele."

Veridiana alimtazama Sandrine, akampisha mbele ya simu.

"Yule msichana yuko hapa, Bwana Deitz." Sandrine alisema kwa Kiingereza cha polepole, kila neno mahali pake. "Unasema baba yangu hana historia. Mimi nimeanza kuwa na historia lini kwako? Uliponiandika mwizi? Uliniandika kwenye jarida. Mama mmoja ninayemwogesha alilisoma, akamwambia mwanawe afiche vito. Niliacha kulala. Sasa unataka kufuta kimyakimya? Ulipiga kelele ukinichafua. Utapiga kelele ukinisafisha. Kwenye jarida lile lile, ukurasa wa kwanza, na jina lako chini."

"Bi Sandrine, mimi—"

"Sijamaliza. Mpira wa magurudumu uko wapi?"

"Nini?"

"Mpira. Na kile kipande cha kandambili. Ilikuwa kandambili ya baba yangu. Umeviweka wapi?"

"Nilivitupa," Bwana Deitz alisema.

Bi Kruszka ndiye aliyekata simu.

Veridiana alifanya yaliyobaki kwa utaratibu wake. Alipiga picha vitundu, beringi, kibao. Aliandika maelezo ya Bi Kruszka naye akayatia sahihi. Kisha alimpigia mpelelezi wa polisi wa Alder Creek, sajenti mmoja aliyekuwa ameshaandaa faili la Sandrine, akamsomea kila kitu: upana wa mlango, kitanda cha Jumapili, namba nyekundu, maneno ya Deitz mbele ya mashahidi watatu. Sajenti alimwomba arudie habari ya mlango. Alirudia.

"Hakuna aliyeupima," sajenti alisema.

"Hapana. Hakuna."

Baada ya kitambo sajenti alipiga tena, akataka kuzungumza na Sandrine. Alimwambia uchunguzi dhidi yake umefungwa, kwamba askari wawili wako njiani kwenda nyumbani kwa Bwana Deitz, na kwamba anaweza kuwaarifu waajiri wake.

"Niandikie," Sandrine alisema. "Leo. Maneno ya simu nimeyachoka."

Barua ilifika kwenye simu yake kabla afisa wa polisi wa Buffalo, aliyeombwa na sajenti, hajaegesha gari nje. Aliisoma amesimama, mara moja kimoyomoyo, mara ya pili kwa sauti kwa ajili ya mama, akiigeuza Kiswahili cha nyumbani. Halafu alikwenda dirishani akawapa wote mgongo, na mabega yake yakatikisika. Veridiana alijishughulisha na kamera.

Afisa alikuwa kijana mwenye adabu. Alisikiliza, akaandika, akaizunguka chukudu. Mwishowe alifunga kalamu na kueleza kwamba kwa sasa kitu hiki ni ushahidi wa kesi. Hakiwezi kuondoka hapa hadi Ohio watoe idhini, na idhini yenyewe hutegemea mwendesha mashitaka. Familia warudi Columbus, watapigiwa simu.

Sandrine alitafsiri. Mama Nyirabagenzi alivuta kiti kilichokuwa ukutani, akakiweka ubavuni mwa chukudu, akaketi na kuweka mkoba wake sakafuni.

"Anasema nini?" afisa aliuliza.

"Hajasema kitu bado."

"Mwambie mambo kama haya huchukua majuma. Mwambie kungoja hapa hakuna faida."

Mama alisikiliza tafsiri hadi mwisho, akimtazama afisa usoni.

"Umwambie," alisema, "nilingojea ndani ya kambi ya Uganda mpaka batoto yangu banazaliwa, banatembea, banasoma. Kungojea njo kazi nilisomea. Yeye aende kufanya ya kwake."

Bi Kruszka aliuliza amesema nini, akaambiwa. Akaenda jikoni kuweka birika motoni, akarudi na kiti cha pili.

Afisa aliwatazama wazee wawili waliokaa kila mmoja upande wake wa kile kigari. Akafungua tena kalamu, akatoka nje hadi garini, akapiga simu Ohio kuomba idhini.